Vijumba Saba Chini ya Ufunguo

Nchi yenyewe ni ndogo. Ramani yake ukiikunja mara nne inaingia kwenye mkoba wa mwalimu na nafasi ya chaki inabaki. Ina mikoa mitano, bunge moja, milima upande wa juu, bahari upande wa chini, na mito miwili, ingawa huo wa pili hukauka nusu mwaka na serikali huendelea kuuhesabu kwa heshima tu. Watu wake hawafiki milioni moja, na kwa namna moja au nyingine wote wanajuana. Ukimsema mtu vibaya sokoni asubuhi, kabla ya jua kuzama umekwisha kukutana na shangazi yake.

Hayo yote mtoto wa darasa la tano huyasoma kitabuni. Bi Rula aliyajua kwa mkono. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa mchoraji katika ofisi ya ramani ya serikali, ghorofa ya pili, chumba chenye madirisha makubwa na meza zilizoinama, na hapakuwa na kona ya ufuko wala kijito ambacho kalamu yake haikukipitia. Jina la Bi Rula alipewa na wenzake kwa sababu hakuachana na rula yake ya chuma. Aliitia mkobani akapimia nayo kila kitu: kitambaa dukani, samaki sokoni, na siku moja hata kizingiti cha jirani aliyekuwa akijenga upogo. Alikuwa mjane, mnene kiasi, mcheshi, amebakiza wiki tatu astaafu. Mwanawe wa pekee, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa amepata mchumba hatimaye, baada ya kumsumbua mama yake kwa muda mrefu. Kwa ufupi, mama wa watu alikuwa ameridhika na maisha yake, na mtu akisharidhika ndipo mgeni hupiga hodi.

Wageni walifika Jumapili saa kumi. Mchumba mwenyewe alikuwa muuguzi wa hospitali kuu, mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Alikuja na baba yake, mwenyekiti wa kijiji fulani cha pwani, mvuna chumvi, mtu mrefu, mkavu, viganja vimepasukapasuka, na mdomo usiojua likizo. Hata chai haijamiminwa alikwisha kuwachekesha mara tatu. Bi Rula akajisemea moyoni, huyu mkwe tutaelewana.

Juu ya kochi, katika fremu ya mbao, ilining'inia ramani ya taifa, chapa ya kwanza kabisa, zawadi ya ofisi. Mwenyekiti aliiona, akainuka na kikombe chake mkononi.

"Ehee! Hii hata sisi tunayo shuleni. Mkwe, hebu sogea nikuonyeshe kwetu."

Bi Rula akasogea kwa furaha. Ukitaka kumfurahisha, mpeleke kwenye ramani. Kidole cha Mwenyekiti kikashuka kando ya pwani, kikapita bandari, kikapita mdomo wa mto, kikaingia katika kile kisanduku cha chini kushoto kinachoitwa ufunguo, ambacho hueleza kwamba mstari mwekundu ni barabara ya lami, mweusi mwembamba ni njia ya miguu, na msalaba ni hospitali. Kidole kikasimama juu ya msalaba.

"Hapa," akasema. "Chini ya hospitali hii ndipo tunapokaa. Ndiyo hospitali pekee tuliyo nayo, na yenyewe ni ya karatasi."

Kijana akaangua kicheko. Bi Rula chai ilimpalia, akakohoa mpaka muuguzi akampiga mgongoni kitaalamu.

"Ni ulimi wa mchanga," Mwenyekiti akaendelea, "umetoka nchi kavu ukaingia baharini. Tuko watu mia nne na zaidi. Kila nikienda wilayani kuomba zahanati, afisa anainua macho ukutani, anatazama ramani, ananiambia, 'Mzee, mbona hapo pana ufunguo tu?' Namwambia, bwana mkubwa, chini ya ufunguo kuna watu. Ananiambia, andika barua. Barua, mkwe wangu! Nakala zake ninazo, zimejaa debe."

"Baba, chai inapoa," muuguzi akasema.

"Iache ipoe. Huyu hapa, mkwe, huyu unayempokea, alizaliwa ndani ya mtumbwi. Katikati ya maji, mama yake anakimbizwa hospitali. Mimi huku napiga kasia, huku nalia."

"Lazima kila mtu aambiwe?"

"Lazima. Wewe ndiye ushahidi wangu."

Wakacheka tena, kwa maana Mwenyekiti alikuwa na namna ya kusema jambo chungu kama anayekupa peremende. Kisha akamgeukia Bi Rula. "Nasikia nawe uko ofisi hiyohiyo ya ramani. Yule aliyekiweka hiki kisanduku hapa, unamfahamu?"

"Namfahamu," Bi Rula akasema.

"Yu hai bado?"

"Yupo. Yupo tu."

"Basi nifikishie salamu. Simtakii ubaya. Nataka kumuuliza neno moja: alituona, au hakutuona? Kama hakutuona, hiyo ni bahati mbaya, nitamnunulia chai. Kama alituona..." Akanywa funda moja, akafikiri. "Hapo sijajua."

Wageni walipoondoka, Bi Rula alikaa kwenye kochi na viatu vyake vya wageni miguuni. Mwanawe akaosha vikombe, akarudi, akamkuta vilevile. "Mama, hujawapenda?" Akamjibu kwamba amewapenda mno, na hiyo ndiyo shida.

Kwa maana aliwaona. Miaka thelathini na mmoja nyuma, akiwa msichana mwenye macho makali na kalamu nyembamba kuliko zote ofisini, alichora ufuko ule kutoka daftari la wapimaji, akauchora ulimi wa mchanga, na juu yake akatia vijidoa saba, kimoja kwa kila nyumba, na jina la mahali pembeni. Ramani ilikuwa imekamilika. Ndipo mkurugenzi wa wakati ule, Mungu amrehemu, akataka ufunguo uongezewe alama: uwanja wa ndege, mnara wa taa, kituo cha polisi. Nchi haikuwa na viwanja vya ndege viwili, lakini alama ilitakiwa. Ufunguo ukanenepa. Pale baharini ulipokuwa ukae haukuenea tena, ukapanda juu ya ulimi wa mchanga. Mtambo wa kuchapia ulikuwa unasubiri, mkurugenzi amesimama mgongoni mwake anatazama saa. Bi Rula akavitazama vijidoa vyake. Vijumba saba, akasema moyoni, vya watu wa chumvi. Hawa wino haujakauka watakuwa wamehama. Akapaka gundi, akabandika, akasawazisha kwa rula.

Hawakuhama. Walioana, wakazaa, wakajenga. Na kila ramani iliyofuata ilinakiliwa kutoka ile ya kwanza, mpaka kompyuta zilipokuja zikainakili nazo, ufunguo palepale. Ilitundikwa katika kila shule, kila kituo cha polisi, kila ofisi ya wilaya. Mdharau mwiba mguu huota tende, na huu ulikuwa mguu wa taifa zima.

Jumatatu asubuhi alipanda kwa Mkurugenzi wa sasa. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa nadhifu, anapenda kalamu zinazometa, na anapenda jina lake. Juu ya meza yake ilitandazwa ramani mpya, ile iliyokuwa iende kwa mpigachapa Ijumaa pamoja na kitabu kipya cha jiografia cha darasa la tano. Bi Rula akaeleza shida ya kijiji, upesi upesi, bila kujitaja.

"Kijiji?" Mkurugenzi akasema. "Kwenye kumbukumbu zetu hakimo."

"Hakimo kwa sababu kimefunikwa."

"Basi tutume wapimaji. Lakini kibali cha upimaji, Bi Rula, unakijua, kinataka jina la mahali kama linavyosomeka kwenye ramani."

"Nalo kwenye ramani halisomeki."

"Ndiyo hapo sasa." Akafungua mikono kwa huzuni ya kweli. "Na tuseme kipo. Ufunguo tuupeleke wapi? Juu kuna milima. Kulia na kushoto kuna jirani zetu. Unakumbuka ile mara tulipoweka dira juu ya mji wao? Waziri aliitwa kujieleza! Katikati ni sisi wenyewe. Nchi hii haina nafasi. Ingekuwa kubwa kidogo, ningekusaidia."

Bi Rula akaitazama ile ramani mpya. Chini kulia, juu ya bahari tupu kabisa, palikuwa na kisanduku kingine, chenye mapambo pembeni. Ndani yake mliandikwa kwamba ramani hii imetayarishwa chini ya uongozi na usimamizi wa Mkurugenzi, na jina lake kamili, na shahada zake, na vyeo vyake, na nishani aliyopewa, na kamati anazokalia. Mistari tisa. Bi Rula alijua fika kwamba wakurugenzi watatu nyuma kilikuwa mstari mmoja. Akaliweka moyoni. Kila jambo lina siku yake.

"Ushahidi upo," akasema. "Mchoro wa kwanza uko kwenye droo kubwa. Ukiubandua ufunguo, chini yake zipo nyumba."

"Umejuaje?"

Hapa angeweza kupiga chenga. Angesema aliambiwa, angesema aliota. Lakini mficha uchi hazai, na yeye alitaka wajukuu.

"Ni mimi niliyezichora. Na ni mimi niliyezifunika. Nilijua."

Mkurugenzi akaiweka kalamu yake chini. Akaenda kufunga mlango, ingawa nje hapakuwa na mtu. "Bi Rula, umebakiza wiki tatu. Keki imeshaagizwa. Saa ya ukutani imeshanunuliwa. Ya nini kujichomea nyumba?"

"Saa ninayo nyumbani."

"Mchoro ule ni hati ya taifa. Ukiubandua pasiwe na kitu, utaondoka hapa na barua ya onyo badala ya saa."

"Na pakiwa na kitu?"

Mkurugenzi akasugua paji la uso. "Tutazungumza," akasema.

Siku ya Alhamisi, saa nne, Mwenyekiti alifika ofisini amevaa shati lake la vikao na debe la barua mkononi, kwa maana alidhani ameitwa kuhojiwa. Bi Rula alimpokea ngazini. Alikuwa hajala tangu jana, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida hata kidogo. Akampeleka kwenye chumba cha michoro, ambako Mkurugenzi alikuwa amekwisha simama kando ya meza, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja msibani asiyemfahamu marehemu.

Mchoro wa kwanza ulitandazwa, umekuwa rangi ya chai hafifu kwa uzee. Bi Rula akavaa miwani, akachukua wembe. Akaingiza ncha ya wembe chini ya pembe ya ufunguo. Gundi ya zamani ilikuwa imekauka, ikaanza kuachia kwa mlio mdogo mkavu. Barabara ya lami ikainuka. Njia ya miguu ikainuka. Uwanja wa ndege, mnara wa taa, kituo cha polisi, na mwisho hospitali.

Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe pe, kwa kuwa mwanga haukuigusa tangu siku ile. Ulimi wa mchanga ulikuwepo, mstari wake safi. Na juu yake vijidoa saba, vyeusi, vimetiwa kwa kalamu nyembamba, na jina la mahali pembeni.

Bi Rula akamsogezea Mwenyekiti kioo cha kukuzia. Mwenyekiti akainama, akakisogeza kutoka doa hadi doa.

"Hii ya ncha ni ya marehemu baba mdogo," akasema hatimaye, polepole, bila utani wowote. "Hii ya fundi mitumbwi. Hii..." Akapangusa kioo kwa shati. "Hii ni ya mama yangu. Umeiweka mahali pake hasa. Kisima kilikuwa hapa, na nyumba hapa. Nimezaliwa humu."

"Mkwe," Bi Rula akasema, "Jumapili ulinipa salamu nizifikishe."

Mwenyekiti akainua kichwa.

"Zimefika. Ni mimi. Na jibu la swali lako ni kwamba niliwaona. Niliwahesabu, nikakuta saba, nikasema watahama."

"Hatukuhama."

"Hamkuhama."

Mwenyekiti akakiweka kioo mezani, akaenda dirishani, akasimama akiwapa mgongo. Huko nje mtu alikuwa anaosha gari, akipiga mluzi. Bi Rula alihisi aibu imemjaa mpaka masikioni. Alimfikiria mwanawe, akamfikiria yule binti wa mtumbwini, akawaza kwamba huenda ndoa imevunjika kwa gundi ya senti chache.

"Mtoto wangu alizaliwa majini, mkwe," Mwenyekiti akasema kwa dirisha.

"Najua."

"Hilo sitalisahau."

"Usilisahau. Wala mimi."

Yule wa gari akamaliza mluzi wake. Mwenyekiti akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa umeanza kurudi kazini.

"Ungenyamaza nisingejua maisha yangu yote," akasema. "Ningekaa nakula kwako kila sikukuu, namtukana mtu nisiyemjua, nawe unaniongezea mchuzi. Basi. Nilisema kama alituona sijajua nitafanya nini. Sasa nimejua. Chai utanunua wewe. Na si leo tu."

Bi Rula akacheka na machozi yakamtoka vyote pamoja, akatafuta leso asiione, akajifutia kitambaa cha kufutia wino. Ndiyo sababu picha iliyopigwa siku ile kwa kumbukumbu ya ofisi inamwonyesha na shavu moja la buluu.

Mkurugenzi akakohoa. "Vizuri. Kijiji kipo, nimekiona kwa macho yangu. Lakini swali ni lilelile. Ufunguo tuuweke wapi?"

Bi Rula alikuwa amelingoja swali hilo tangu Jumatatu. Akatoa rula yake ya chuma mkobani, akaupima ufunguo: upana sentimita kumi na mbili, urefu tisa. Kisha, bila haraka, akaivuta ile ramani mpya, akailaza rula chini kulia, juu ya kisanduku chenye mapambo. Upana kumi na mbili. Urefu tisa na nusu. Akaiacha rula palepale.

Mkurugenzi akaitazama rula. Akaitazama mistari yake tisa, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya safari. Uso wake ulipita katika hali nyingi, nyingine za kusikitisha.

"Hata nishani?" akauliza.

"Mheshimiwa," Mwenyekiti akasema, akiwa amelishika tena debe lake, "jina lililo kwenye ramani husomwa na nani? Watu husoma mahali wanapokwenda. Lakini sisi watu mia nne tutalitaja jina lako bila kulisoma. Tena kwa vizazi."

"Kwa vizazi," Mkurugenzi akarudia. Lilimwingia. Akavuta kiti akakaa. "Mstari mmoja mniachie," akasema. "Mdogo tu. Pale chini."

Akaachiwa mstari mmoja. Uchapishaji ukasogezwa wiki moja. Wapimaji walikwenda na vyombo vyao, na kibali kikapatikana kwa sababu jina la mahali sasa lilisomeka kwenye mchoro wa kwanza, kwa mwandiko wa Bi Rula mwenyewe. Walikuta nyumba sitini na nane, shule ya vyumba viwili na mashamba ya chumvi yanayong'aa mpaka yanaumiza macho. Shuleni waliikuta ramani ya zamani. Watoto walikuwa wamejichorea nyumba zao kwa penseli juu ya ufunguo, ndogondogo, kila mtoto ya kwao.

Siku ya kustaafu Bi Rula alipewa saa ya ukutani na barua ya onyo kwa kukifunika kijiji, vyote kwa mkono mmoja, na Mkurugenzi akamkatia keki. Saa aliitundika sebuleni. Barua aliitia katika droo ya vitu vya maana, pamoja na cheti cha ndoa yake na kitambulisho cha marehemu mumewe.

Zahanati bado, lakini afisa wa wilaya sasa hana pa kukimbizia macho, na Mwenyekiti humtembelea kila Jumanne kumtazama anavyohangaika. Harusi ilipangiwa mwezi uliofuata. Jumapili moja kabla yake wageni walikuja tena saa kumi, wakamkuta mwenye nyumba amesimama juu ya kochi, anatundika ramani mpya katika fremu ileile ya mbao.

Mwenyekiti hakungoja kukaribishwa. Akasogea, akakunja macho. Miwani yake aliisahau nyumbani, ukimwamini.

"Tuko wapi, mkwe? Nionyeshe."

Bi Rula akashuka kwenye kochi, akasogea kando yake. Hakuhitaji kutafuta. Akaupitisha mkono kando ya pwani, akapita bandari, akapita mdomo wa mto, akaweka kidole chake kinene pale hasa, kwenye ncha ya ulimi wa mchanga.

"Hapa," akasema kwa fahari. "Mmeona? Hapa."

Muuguzi akainama. Mwanawe akainama. Mwenyekiti akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mkwe," akasema, "toa kidole. Umetufunika tena."